Funguo na Anwani Msumari Mmoja

Enzi zile mikono yake yote miwili ikiwa mizima, Fundi Funguo alikuwa na ubao wenye misumari tisini na sita dukani kwake, na kila msumari ulibeba ufunguo wa akiba wa nyumba ya mtu. Mwizi angeingia humo angedhani amefika peponi. Angetoka kichwa chini, maana hakuna ufunguo ulioandikwa jina wala mtaa. Kila mmoja ulifungiwa kikaratasi chenye fumbo. "Jogoo asiyewika" ulikuwa wa mlinzi aliyelala kazini. "Shamba lisiloota" ulikuwa wa mdogo wake Fundi mwenyewe, kinyozi mwenye upara. Mafumbo yote yalifumbuliwa mahali pamoja tu, napo ni kichwani mwa Fundi.

"Funguo na anwani havitundikwi msumari mmoja," aliwaambia wanagenzi wake kila asubuhi, hata waliokuwa wamekwisha kulichoka neno lenyewe.

Mkewe, Bi Sindano, alikuwa akishona chumba cha pili, ukuta kwa ukuta. Neno hilo alilisikia miaka arobaini na mmoja. Angeamshwa usingizini angelitaja. Lakini ya kusikia ni moja, na ya kukumbuka siku yenyewe ni nyingine.

Kiharusi kilimkuta Fundi akiwa amekaa kwenye kigoda chake, tupa mkononi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakamtoroka kama kuku waliofunguliwa banda. Akili haikuhama. Ilikaa palepale ndani, inatazama nje kupitia macho mawili, inataka kusema na mlango haufunguki. Fundi wa kufungua milango ya watu, wake ndio ukakwama.

Bi Sindano hakulia sana. Aliihamishia cherehani chumbani, kando ya kitanda, akapanga siku kama anavyopanga vipande vya gauni. Asubuhi kumgeuza, kumwosha, kumvika. Kisha chai, kisha dawa. Kisha mazoezi ya mguu, mmoja akihesabu na mwingine akinuna. Na baada ya hapo, jambo walilolipenda wote wawili: vitendawili.

Muuguzi alikuwa amesema, "Msemeshe. Ulimi ni kama bawaba, usipochezeshwa unashika kutu." Bi Sindano akaona asimsemeshe habari za hali ya hewa, akamtegea.

"Kitendawili."

Fundi aliinua kidole cha kushoto. Hiyo ilikuwa "tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Y... ya..."

"Unalo. Lisukume."

"Yai."

"Umelipata bila kulivunja. Kila niendapo ananifuata?"

Kivuli kilimchukua siku tisa kukitamka. Lakini kiko kitendawili kimoja ambacho Bi Sindano alikitega kila siku mwishoni, na kila siku Fundi alifumba macho, akakitafuta, akakikosa. Hicho hakikuwa cha watu wote. Alikitunga Fundi mwenyewe, mwaka alipoitwa kufungua chumba cha mshonaji mmoja kijana aliyejifungia ndani na kuvunjia ufunguo kwenye kitasa. Alipofungua, alimkuta binti amesimama, kishikizo cha shati la mteja kimebanwa katikati ya meno, hata asante hawezi kusema. Tangu siku ile alimwita Kishikizo, wakiwa wawili tu. Watoto hawakulijua jina hilo. Na kitendawili chenyewe kilikuwa hivi: Nilimfungulia mara moja, hajatoka mpaka leo.

Sasa, hospitali alikotibiwa Fundi ilikuwa na ukurasa wake kwenye simu. Humo mlikuwa na majibu ya vipimo, orodha ya dawa, barua za daktari na tarehe za kuonana naye. Ukurasa ulikuwa wa Fundi, ila mwenye vidole vya kuubonyeza alikuwa Bi Sindano, kwa hiyo aliingia kama Fundi. Aliandika kama Fundi. "Mimi nimelala vizuri, choo si haba." Daktari alipouliza yale maswali wanayoulizwa wanaume peke yao, Bi Sindano aliyajibu yote bila kupepesa jicho. Nani mwingine angejibu?

Siku ya kujiandikisha ukurasa ulitaka neno la siri, la kuulizwa pamoja na namba ya kadi ya hospitali endapo mtu atasahau namba zake za kuingilia. Walitazamana. Bi Sindano akaandika "kishikizo", na Fundi akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Kadi aliitundika msumarini, juu ya mto wa mgonjwa, isipotee. Na kwa sababu miwani yake ilikuwa ya zamani, namba ya kadi aliikoleza kwa kalamu nene, kila tarakimu nono kama panya wa ghalani.

Ijumaa moja asubuhi, mwezi wa kumi na sita wa ugonjwa, Bi Sindano aliisimamisha simu kwenye cherehani ili amrekodi mumewe. Alitaka kumwonyesha mtaalamu wa usemi namna mdomo wa mumewe unavyovuta upande. Miadi na mtaalamu huyo ilikuwa Alhamisi iliyofuata. Walikuwa wameisubiri miezi mitano, maana mtaalamu ni mmoja na walionyang'anywa maneno ni wengi. Anayekosa zamu yake huanza foleni upya kutoka mkiani.

Akatega vyote, vikajibiwa nusu nusu. Akafika cha mwisho.

"Nilimfungulia mara moja, hajatoka mpaka leo."

Fundi akafumba macho. Akayafumbua. Akamtazama mkewe kama vile ndiyo kwanza anausukuma ule mlango.

"Ki... shi... ki... zo."

Ukisikia mtu ameshikwa na furaha hadi akili ikamwagika, ndiyo hiyo. Bi Sindano alimkumbatia, akamwagia machozi shingoni, akasema, "Rudia," naye akarudia, wazi kama kengele. Na kabla machozi hayajakauka alikwisha kuituma ile video kwenye kundi la ukoo. Watu sabini na mbili, wengine hajawahi kuwaona sura. Aliandika chini yake: Mzee amejibu kitendawili chetu cha siri, Mungu ni mwema.

Alidhani anagawa furaha. Alikuwa ametundika ufunguo na anwani msumari mmoja.

Jumapili mchana kinyozi, yule mwenye Shamba lisiloota, alikuja kumtazama kaka yake. Mtaani humwita Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Aliingia akiwa ameshika simu mbele kama mtu aliyebeba sahani ya moto.

"Kaka, umekuwa mtu maarufu," akasema. "Niliituma kwa wateja wangu, wateja wakatuma kwa watu wao. Watu elfu mbili na ushei. Kuna mama mmoja ng'ambo huko anauliza kishikizo ni nini."

Akamwonyesha. Fundi akajiona: shati la kulalia, mate kwenye kidevu, mdomo ukihangaika. Akalisikia lile jina, jina la wawili, likitoka kwenye kasimu ka kinyozi. Hakugomba, angegombaje? Aligeuza uso ukutani. Na ukutani ukabaki.

"Amechoka," Redio akasema.

"Nenda nyumbani, shemeji," Bi Sindano akajibu taratibu, na Redio, ambaye hajawahi kufukuzwa na mtu anayenong'ona, aliondoka bila kumaliza chai.

Jioni ile ulikuja ujumbe kutoka hospitali: Namba yako ya simu imebadilishwa. Bi Sindano aliusoma akiwa ameshika beseni la kuogeshea. Hospitali hutuma ujumbe mwingi, mara osha mikono, mara kunywa maji. Akauacha.

Jumatatu alitega, kidole hakikuinuka. Alitega tena. Fundi alitazama ukuta. Bi Sindano akaona afungue ule ukurasa atazame saa ya miadi ya Alhamisi, labda habari hiyo itamchangamsha. Namba zake zikakataliwa. Akaingiza kadi na neno la siri. Likakataliwa. Akapiga simu hospitali, akapokewa na muziki, kisha na sauti iliyomwambia kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zao mzee mwenye kadi hiyo ameiachia zamu yake ya Alhamisi, na zamu imechukuliwa na mtu mwingine.

"Ameiachiaje na hawezi hata kusema chai?"

"Mama, imeachiwa kwenye simu. Jana usiku, saa mbili. Kama kuna kasoro, njooni kesho, mgonjwa mwenyewe awepo."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Akaifungua tena ile video, aitazame ile furaha, walau imtulize. Safari hii hakutazama mdomo wa mumewe. Alitazama juu ya mto. Pale ilining'inia kadi, namba nono zote zikisomeka kuliko tangazo la barabarani. Na chini yake mgonjwa akilitaja neno la siri, mara mbili, tena wazi, kwa sababu mkewe alimwambia arudie.

Alicheka kidogo, kile kicheko ambacho si cha kuchekesha. Mke wa fundi funguo.

Hakuwa mtu wa kukaa na kosa mapajani akilibembeleza. Kwanza alivuka barabara hadi kwa kinyozi, kutoka pale angeweza kuona dirisha la chumba cha mgonjwa. Redio alikuwa na mteja mwenye povu nusu ya uso.

"Shemeji, ile video ifute."

"Ifutwe kwa nini? Watu wanalia kwa furaha."

"Mwizi naye amelia kwa furaha. Ameingia kwenye mambo ya kaka yako hospitalini akaondoka na zamu ya mtaalamu."

Wembe ukasimama hewani. Mteja akafumba jicho moja, kwa tahadhari.

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu mimi, halafu yako. Mimi nilifungua mlango, wewe ukapiga baragumu. Futa, na uwaambie wote uliowatumia wafute."

"Nitafuta. Lakini shemeji, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, ila mfereji tunaweza kuufunga. Anza."

Akaanza, mmoja mmoja, mteja akisubiri na povu lake likikauka. Bi Sindano naye aliiondoa kwenye kundi la ukoo, akaandika: Nilikosea kuituma bila kumuuliza mwenyewe. Aliyeihifadhi, kwa heshima ya mzee, aifute. Habari zake nitawapa kwa maneno, naye akikubali. Shangazi mmoja aliuliza sasa tutajuaje anaendeleaje. Bi Sindano akamjibu: Njoo umwone, kiti kipo.

Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilimngoja kitandani.

Jua lilikuwa bado dirishani aliporudi. Akaketi upande ule wa ukuta, akajibana kati ya kitanda na rangi ya chokaa, ili uso wa mumewe usiwe na pa kukimbilia.

"Nisikilize," akasema. "Nimekuvua nguo mbele ya watu. Naosha mwili wako kila siku, nikasahau kwamba ni wako. Jina letu nimelianika. Na kadi yako nimeitundika pamoja na ufunguo, mimi, niliyelisikia neno lako miaka arobaini na mmoja. Zamu ya Alhamisi imeibwa. Kesho tunakwenda kuirudisha. Na kuanzia leo sikupigi picha mpaka uinue kidole. Nikisahau, nirushie kikombe. Cha plastiki, lakini."

Nusu ile ya mdomo ikatikisika. Kikombe ndicho kilichomshinda.

Fundi alinyoosha mkono wa kushoto, akaelekeza kwenye droo ya meza. Bi Sindano akatoa vitu kimoja kimoja: tupa, miwani, kitasa kikuukuu cha shaba. Kwenye kitasa kidole kikasimama. Fundi alikipokea, akakigandamiza kifuani kwa kiganja, akahangaika, hadi kile kipande cha katikati kinachopokea ufunguo kikachomoka na kudondoka kwenye shuka. Akakisukuma kuelekea kwa mkewe.

Bi Sindano alikijua. Dukani walikiita moyo wa kitasa. Mteja akija analia amepoteza funguo, anataka kung'oa mlango mzima, Fundi humwambia, mlango hauna kosa. Badili moyo wake.

"Tutabadili moyo," akasema.

Fundi akainua kidole.

Kesho yake asubuhi alimsukuma kwa kiti cha magurudumu, amevaa shati lenye vishikizo vyote na kofia yake ya kazini, kadi ya hospitali ikiwa ndani ya mfuko wa shati, upande wa ndani. Kwenye dawati la mapokezi palikaa karani mwenye kalamu nyuma ya sikio na sura ya mtu aliyekwisha kudanganywa na mabingwa.

"Tatizo?"

Bi Sindano alieleza lote, bila kupamba, pamoja na upumbavu wake. Karani alibonyeza, akakunja uso.

"Kweli, Jumapili namba ya simu imebadilishwa, kisha zamu ikahamishwa kwa mwingine. Zamu za mtaalamu huyu wanaziwinda sana." Akainua macho. "Wewe ni nani kwake?"

"Mke wake. Mimi ndiye ninayeingia humo kila siku."

"Humu anaingia mzee. Kila siku. Hakuna mwingine aliyeandikwa."

"Huyo mzee ni mimi."

Karani akatazama chini, kalamu ikamtetemeka nyuma ya sikio, akajizuia. "Ndiyo maana aliandika wiki iliyopita kwamba gauni limembana mabegani."

"Hiyo nilikosea ukurasa, ilikuwa ya mteja wangu."

Fundi alitoa sauti tumboni. Ilikuwa kicheko, cha kwanza tangu Ijumaa.

"Sasa mzee," karani akasema, akiinama mbele ili macho yao yalingane, "huyu ni nani kwako?"

"Mimi ni mke..." Bi Sindano akaanza.

"Nimemuuliza yeye, mama."

Akafunga mdomo. Miezi kumi na sita alikuwa mdomo wa watu wawili, na kunyamaza kulimwia kazi ngumu kuliko kumgeuza mgonjwa kitandani. Nyuma yao foleni ilikohoa. Saa ya ukutani ikasogea. Fundi alifumba macho, akatafuta. Bi Sindano alilijua neno, lilikuwa palepale kwenye ncha ya ulimi wake, akaling'ata.

"M... mke."

"Vizuri. Unataka awe msaidizi wako, aingie kwa jina lake na namba zake mwenyewe?"

"Ndi... yo."

"Aone tarehe za miadi?"

Kidole juu.

"Dawa?"

Kidole juu.

"Barua za daktari na maelezo yako yote?"

Bi Sindano alikwisha kutikisa kichwa kukubali. Kidole hakikuinuka. Fundi alimtazama mkewe, kisha karani, akasema taratibu, kila silabi akiibeba kama tofali, "Si... yo... te."

Neno hilo lilimchoma Bi Sindano, tusidanganyane. Mwanamke aliyemkata kucha za miguu asubuhi ileile. Lakini lilimchoma mara moja tu, kisha akakiona kile alichokuwa hajakiona tangu kiharusi kiingie nyumbani: mtu mwenye mlango wake, amesimama mlangoni, anaamua nani aingie hadi wapi.

"Mwandikie hivyohivyo," akamwambia karani. "Dukani kwake ufunguo haukuchongwa bila mwenye mlango kuwepo. Ndivyo inavyotakiwa."

Karani alichukua kadi halisi, akalinganisha picha na sura, akaenda ofisi ya ndani kwa mkuu wake, akarudi. Aliyechukua zamu alikuwa hajajitokeza na kadi yoyote, na bila kadi mkononi hakuna anayeingia kwa mtaalamu. Zamu ikarudi kwa mwenyewe. Kadi ikafutwa, ikatolewa mpya yenye namba nyingine, na aliyeshika ile ya zamani akabaki na ufunguo wa mlango usiokuwepo.

"Litakuja jambo moja," karani akaonya. "Mtu atapiga simu ajifanye ni sisi, aombe zile tarakimu tunazotuma kwenye ujumbe. Sisi hatuziombi. Hata nikiwa mimi mwenyewe, kata simu, upige namba iliyo nyuma ya kadi."

"Nitamtegea kitendawili kwanza," Bi Sindano akasema.

"Wewe umemaliza. Bado neno jipya la siri la mzee."

Akampa Fundi simu waliyokuja nayo, na Bi Sindano, kwa mazoea, akanyoosha mkono kumsaidia kubonyeza. Akaurudisha. Akageuka, akampa mumewe kisogo, akasoma tangazo la kunawa mikono mwanzo hadi mwisho, kisha akalisoma tena. Nyuma yake kidole cha kushoto kiligonga kioo, tap, kikapumzika, tap. Foleni ilikuwa ndefu na hakuna aliyekohoa tena.

"Tayari," karani akasema.

Alhamisi saa nne waliketi kwenye benchi nje ya chumba cha mtaalamu, wa tatu kwenye foleni. Ile simu ilikuwa mfukoni mwa Fundi. Bi Sindano sasa alikuwa na yake mwenyewe mkobani, yenye mlango wake mwenyewe wa kuingilia, mwembamba kuliko wa zamani na halali kuliko wa zamani. Redio alikuwa amewabebea maji, akawa anazuia ulimi usiseme na benchi zima.

Fundi akamgusa mkewe kwa kiwiko.

"Ki... ten... da... wili."

Ndiyo mara ya kwanza, tangu augue, yeye ndiye aliyetega. Bi Sindano akageuka mzima mzima.

"Tega."

Fundi akagonga mfuko wa simu mara mbili kwa kidole, akainua nyusi. Hakusema zaidi. Kitendawili kilikuwa hicho: neno gani limo humu?

"Hilo sitalijua," Bi Sindano akasema.

"M... ji."

"Ahaa, unataka mji kabla sijajaribu?" Akampa mji mkubwa, wenye bandari. Fundi akatikisa kichwa. Akampa mwingine, wenye mto. Akaukataa. Akampa ule waliooania, ambao hajawahi kumpa mtu yeyote kwa kitendawili chochote.

Fundi akaupokea mji huo kwa furaha, akaukalia, na jibu hakulitoa.

"Huo ni wizi," Redio akasema. "Mji umechukua, jibu hutoi?"

Mlango wa mtaalamu ukafunguka mara ya tatu, likaitwa jina la Fundi. Bi Sindano akasimama, akashika mishikio ya kile kiti, kisha akasita, akainama sikioni mwake.

"Niingie na wewe, au nibaki nje?"

Fundi alifikiri, bila haraka, kama mtu anayechagua ufunguo ubaoni. Kisha akainua kidole.

"Ingia," akasema. "Ki... shi..." Akamtazama mdogo wake Redio, ambaye masikio yalikuwa yamesimama wima. Akafunga mdomo, akameza lililobaki, na akaingia nalo ndani.